Njaa Niliyokuwa Nimeacha Kuiita Njaa

Tulikuwa mwaka wa sita kwenye ndoa bila mtoto, na miaka yote hiyo aliyepimwa ni mke wangu. Mimi nilibaki machimboni Bonga nikiponda kokoto. Nilikuwa mwembamba, lakini nyundo niliiinua toka asubuhi hadi jioni, na nilijua mwanaume wa namna hiyo hana kasoro.

Asubuhi moja mke wangu akasema, "Leo siendi peke yangu. Ukikataa, na mimi sitakwenda tena." Alisema taratibu, huku anafunga kanga. Nikaoga, tukaenda zahanati moja ya mjini.

Daktari alikuwa mama wa makamo.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba, baba. Nyumbani mnakula nini?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamweleza: asubuhi chai ya rangi, mchana hakuna kitu, jioni ugali na mchicha. Mbaazi tulilima, ila tuliuza zote. Mke wangu angalau alipata sahani kwa dada yake ambaye ni mama lishe. Mimi nilikula hivyo tangu ng'ombe wa baba walipokufa kwa ukame kule tambarare za Hanang, hadi nikaacha kuiita njaa.

Akaniuliza kuhusu hamu ya tendo la ndoa. Nikatazama sakafu. Hamu ilishapotea, na mimi nilikuwa naisingizia nyundo.

Walinipima damu na mbegu. Kisha akaniita kwenye hadubini. "Angalia mwenyewe."

Niliona vidoti vichache vimetulia. Kimoja tu kilikuwa kinatikisa mkia, hakiendi popote.

"Ugonjwa mwingine hatujauona," alisema. "Umekaa na njaa muda mrefu, baba. Chakula kikiwa kidogo, mwili unalisha kwanza moyo na ubongo. Uzazi unasubiri. Kula vizuri, urudi baada ya miezi minne, maana mbegu mpya zinachukua muda kukomaa. Ila siwezi kukuahidi."

Njiani nilikuwa nawaza mwili huu ulivyopanga bajeti yake miaka yote bila kuniuliza, ukaninyima kimoja ili nibaki hai. Tulipofika nyumbani Maisaka nikamwambia mke wangu, "Nisamehe. Nilikuachia lawama peke yako."

"Tule kwanza," akajibu bila kunitazama usoni. Aliniangalia baadaye sana.

Mwaka huo hatukuuza mbaazi zote. Tulifuga kuku kwa ajili ya mayai, tukanunua perege wa ziwani, na maziwa tulipoweza. Mchana nilibeba chakula machimboni, wenzangu wakanicheka. Mwezi wa pili ndevu zilianza kujaa. Wa tatu, ile hamu ikarudi, nikaona haya kama bwana harusi.

Tuliporudi zahanati, daktari aliangalia kwanza kwenye hadubini, akasogea kunipisha. Nikainama. Vilikuwa vingi, vinapita huku na huku, vinapishana. Nilikuwa nimeishi miaka thelathini na minne nikijiona mtu mmoja, kumbe ndani yangu kulikuwa na umati uliokuwa unasubiri kulishwa.

Mke wangu naye akaangalia, muda mrefu.

"Hivi vyote vimetokana na mbaazi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Na mayai," daktari akajibu.

Mimba iliingia baada ya mavuno ya mahindi. Mke wangu alinifuata Bonga kwa miguu kunieleza. Niliketi juu ya kokoto zangu, na asubuhi hiyo sikuponda hata jiwe moja.