Nyumba ya Shamba Iliyotazamwa kutoka Juu

Mahfoudh huchora majumba ya mashamba ambayo hayapo tena. Chumba chake kiko mtaa wa Hamriya, huko Omani, juu ya duka la fundi cherehani, na wateja wake ni jamaa wa Kiomani waliotoka Unguja na Pemba. Huja na picha ndogo iliyofifia ya nyumba ya babu, wakitaka kubwa ya kutundika sebuleni. Hapo ndipo utakapoona mambo! Huyu anataka aongezewe ghorofa, yule mikarafuu yake ifike mpaka baharini. Mahfoudh haoni tabu. Mtindo wake aliuiga kwenye kitabu cha wachoraji wa Uingereza wa miaka mia tatu iliyopita, walioajiriwa na mabwana wakubwa kuyachora mashamba yao. Walichora kama watu wanaochungulia kutoka mawinguni, jumba katikati na miti safu safu, na hata bustani ambazo bwana alikuwa bado anaziota.

Nyumba moja tu aliichora kwa ajili yake mwenyewe. Mkewe Hind ameshafariki, watoto wako mbali, na siku nyingine hazungumzi na mtu ila yule fundi wa chini. Upweke ulimchosha. Alitaka awe na ukuta anaoweza kuutazama na kusema, hapa ndipo kwetu. Aliondoka Unguja mdogo sana, lakini nyumba aliikumbuka: baraza ya mawe, ngazi pana, birika la maji la kujengwa mbele. Safari hii hakuongeza kitu.

Akaipeleka mtaa wa Azaiba kwa dada yake Muhsina, mtu pekee aliyebaki wa kuishuhudia. Wakaiegemeza ukutani. Muhsina akavaa miwani, akatazama kitambo kirefu.

"Umeichora vizuri, mdogo wangu. Lakini hii nyumba ya Bi Ghadeer."

"Bi Ghadeer gani, Dada?"

"Mwenye shamba. Baba akimsimamia karafuu zake. Wewe ukicheza pale barazani na wajukuu zake kutwa, mpaka uje kuburutwa."

"Na sisi tukikaa wapi?"

Muhsina akaweka kidole ukutani, nje ya fremu. "Huku. Nyuma ya jiko lao."

Mahfoudh alirudi na picha yake kwapani, moyo umemvunjika. Kesho yake alitandika karatasi mpya aichore ile ya nyuma ya jiko. Haikuja. Hakukumbuka dirisha, wala mahali alipokuwa akilala. Akampigia simu dada yake.

"Niambie mlango ulielekea wapi tu, Dada."

"Mie umri wangu wote nnajitahidi kuisahau," alisema Muhsina. "Usinikumbushe, tafadhali." Akamuuliza kama amekula, kisha akakata simu.

Siku hizi wateja wakipanda juu huikuta ile picha imeegemezwa karibu na mlango. Huisifu, huuliza ni ya ukoo gani.

"Mwenyewe hajaja kuichukua," Mahfoudh huwajibu.