Tulivyouzika mgomba wa binti yetu hapa Muleba

Sifa na utukufu ni kwa Mungu aliye hai, anayetupa mvua na anayetupa kiangazi, na katika yote hajatuacha.

Wakuu, salaam kwenu. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea.

Mimi ni mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri. Huwa nasoma tu nyuzi zenu, leo naandika. Haya yametokea nyumbani kwangu na sitaongeza chumvi.

Naishi kwenye kibanja alichokifungua babu wa baba yangu. Kwa wasiojua, kibanja kwetu Wahaya si shamba tu. Nyumba iko katikati, migomba na mibuni imeizunguka, na makaburi ya wazee yako humo humo, yamepandiwa milamula, ile miti ya majani marefu isiyokauka hata jua likiwaka vipi. Ukitembea humo unapita katikati ya watu wako.

Mahubiri yangu ya miaka yote niliyapata humo, si mezani. Mvua za kwanza zikigusa mibuni, maua meupe yanafunguka na harufu inaingia hadi chumbani. Siku hiyo najua nitasema nini Jumapili. Vuli ikikolea wanakuja senene, wale panzi tunaowala. Masika maharage yanajaa chini ya migomba. Kiangazi tunatandaza nyasi, kibanja kinanyamaza, na mimi nanyamaza nacho.

Sasa niwaeleze kuhusu mgomba mmoja.

Binti yetu wa pekee, Koku, alipozaliwa, kitovu chake kilizikwa chini ya mgomba wa nyuma ya jiko. Ndiyo desturi. Mkungu ukikatwa, chipukizi linashika nafasi, shina ni lile lile. Koku akakua, akasoma Rwamishenye, akawa muuguzi, akapata kazi nchi ya mbali.

Kila Jumapili alipiga simu ya video. "Mama, nipeleke kwa mgomba wangu."

Mke wangu anatoka na simu mkononi hadi nyuma ya jiko.

"Mbona umenenepa kunizidi?" Koku anauuliza mgomba.

"Wenzako wanakula samadi. Wewe unakula nini huko?"

"Basi nitumie hiyo samadi, mama!"

Kisha likaja lile gonjwa lililofunga safari. Koku aliugua akiwa kazini, akafariki, akazikwa huko huko. Hatukuliona jeneza.

Ibada tulifanya kanisani. Lakini nyasi za msiba, zile wanazokalia waombolezaji, hazikutandikwa sebuleni, mke wangu alikataa. "Msiba wa nani? Mmemlaza wapi?"

Tangu hapo mgomba ule ukawa ndio kaburi. Kila Jumamosi mke wangu alichukua panga, akaondoa majani makavu, akaupangia nyasi vizuri kama kitanda. Sikumkataza. Hata mimi nilikuwa nikisali pale. Sikuuomba mgomba, wakuu, msinielewe vibaya. Nilimwomba Mungu, ila miguu yangu ilinipeleka pale.

Mwaka jana, baada ya masika, mnyauko ukaingia upande wa chini wa kibanja. Majani yanageuka njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizipasua ndani zimeoza. Bwana shamba akatuambia tung'oe shina lote, tulikatekate, tulizike shimoni. Na panga ipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Tukatii.

Jumamosi ilipofika, mke wangu alichukua panga ile ile akaenda kusafisha mgomba wa Koku. Moto hakuukumbuka. Mikono ilikuwa imezoea kazi yake.

Ulipoanza kunyauka, alikuwa akiyakata majani ya njano mapema na kuyaficha, jirani asiyaone.

Jirani ni Ta Kato, yaani Mzee Kato, mtu wa utani kila siku. Kibanja chake kinapakana na jiko letu na familia yake yote inakula hapo. Alikuja asubuhi, akakaa chini.

"Waitu mwinjilisti, ule wa nyuma ya jiko umeugua."

"Nimeuona."

"Nina wajukuu wanaokula hapo upande wa pili. Lakini sitaugusa. Mwenye nao aseme."

Mke wangu akatoka jikoni. "Nimeuua mwenyewe, Ta Kato. Nikiusafisha."

Nikamsogezea kigoda, akaketi.

Baadaye mke wangu akauliza, "Bwana shamba alisema uzikwe?"

"Ndiyo, mama," nikajibu.

"Basi tuzike. Mwanangu sikumzika. Huu nitauzika mimi."

Akatangulia na jembe, majirani wakaja, tukachimba shimo na yeye akauzika.

Sikusoma ibada ya mazishi, hiyo ni ya binadamu. Nilianza kumshukuru Mungu kwa Kihaya kwa mtoto aliyetupa, sauti ikakatika. Majirani wakapokea kwa wimbo.

Kisha mke wangu akaomba nyasi. Mke wa Ta Kato akazileta, zikatandikwa sebuleni. Watu wakaketi na kahawa za kutafuna, kama msibani. Ta Kato akasema, "Koku aliniibia mapera, nikamfukuza hadi mlango huu. Leo nimekuja kumsamehe." Mke wangu akacheka, na ndani ya kicheko hicho akalia kilio alichokizuia miaka yote.

Vuli hiyo mibuni ilitoa maua na sikupata neno. Nilinusa tu. Masika ya mwaka huu tukapanda maharage. Ndugu yetu anayeishi Kaagya akatuletea machipukizi safi ya migomba, nikamuuliza mke wangu la Koku tulipande wapi.

"Popote, ila si pale."

Akakata tawi la mlamula kwenye makaburi ya wazee, akalichomeka pale nyuma ya jiko. Limeshika. Jumapili saa ya simu ikifika, anatoka na kigoda anaketi pembeni yake.

Nilichojifunza: kama una msiba ambao hukuukalia, ukalie hata kama umechelewa. Na wenye migomba, panga ipite motoni kwanza, hasa unapoelekea kwenye ule unaoupenda.

Nanyi mliofiwa wapendwa wakazikwa mbali, andikeni hapa chini mlifanyaje. Nitasoma taratibu, macho yamechoka.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana akulinde, awalinde wako walio mbali, na awarudishe nyumbani wakiwa wanatembea.