Mtoto wa Mbwa Aliyebisha Kutoka Ndani

Nakumbuka usiku mmoja wa mvua, mwanangu, ulionifanya nistaajabie kazi ya Mungu.

Nilikuwa mke kijana, nimetoka kwetu Muhuta kuolewa hapa Rumonge, kando ya ziwa. Mume wangu alivua ndagala, dagaa wa ziwani. Jua likizama anaingia ziwani na taa zake, nyumbani tunabaki mimi na mama mkwe. Ndipo mume wangu akaniletea mtoto wa mbwa, mweusi, tumbo kama kibuyu, akue atulindie nyumba. Ilikuwa masika, baridi ya nje ingemuua, tukamlaza ndani. Kila alfajiri sakafu ilikuwa imelowa.

Mama mkwe, aliyelala mkekani palepale sebuleni, akachoka. Asubuhi moja alimkamata shingo, akataka kumpaka pua kwenye mkojo.

"Hii imbwa ikikojoa tena mu nyumba," akafoka, "kesho inapanda basi, inarudi Kabezi ilikotoka!"

Ng'ambo ya ua aliishi Mzee Ramadhani, mshona nyavu, Muislamu ambaye kwake mbwa hakanyagi, kwa ajili ya udhu wake. Alisikia kelele, akauliza kwa upole, "Mama, mumeshamuonyesha mlango?"

"Mlango? Kwani haina macho?"

"Macho iko nayo. Lakini wewe, mutoto wako alipokuwa mudogo, ulingoja aseme ndipo umutoe nje? Ulimutoa yeye hata hajasema."

Mama mkwe akamwachia. Mzee akanieleza: mtoe akishakula, mtoe kabla ya kulala, mtoe na usiku wa manane, mahali palepale. Akimaliza, msifu. Akikosea, futa, unyamaze.

"Mzee, mimi nikilala ni gogo," nikasema.

Akacheka. "Mimi huamka kusali. Nitakuita."

Nilidhani ananitania. Usiku uleule nikasikia sauti ya chini uani: "Binti, amahoro, amani kwako. Mtoe mgeni wako." Nikatoka na mbwa mikononi. Mwanangu, ziwa lote lilijaa taa za wavuvi, nisijue maji yanaishia wapi na nyota zinaanzia wapi. Mbwa akajisaidia nyasini, nikamsifu kwa kunong'ona. Na mzee yule, ambaye hakumgusa mnyama huyo hata mara moja, alisimama gizani hadi aliposikia mlango wangu umefungwa. Akafanya hivyo usiku baada ya usiku.

Ikaja mvua ile. Ilipiga mabati hata sauti ya mzee isisikike. Niliposhtuka usingizini, mlango ulikuwa wazi, na mama mkwe amesimama kizingitini, kitenge chake amekitandaza juu ya mbwa aliyekuwa akijisaidia nje.

"Imekuja kwangu," alisema polepole, kama mtu aliye kanisani. "Imevuta nguo yangu, ikaenda kukwaruza mlango. Imeniomba! Kitu hata kusema hakisemi, imeniomba."

Nikapapasa sakafu. Ilikuwa kavu.

Kulipokucha mama mkwe alimpelekea mzee sahani ya ndagala, ameishika kwa mikono miwili. "Murakoze," akamshukuru.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Wengi husikia "mkunje" tu. Wanasahau kwamba huyo mbichi naye hupasuka ukimkunja kwa hasira. Kiumbe mdogo, awe mbwa au mwanao wa kumzaa, usimwadhibu kwa jambo ambalo hujamfundisha. Amka usiku kwa ajili yake. Mrudishe palepale, leo na kesho, wala usihesabu. Siku usiyoitazamia atakuja mwenyewe, nawe utabaki mdomo wazi. Na ukimpata jirani anayekatiza usingizi wake kwa ajili ya kiumbe asiye wake, mheshimu sana, kwani rehema ya Mungu mara nyingi hupita kwa mtu wa namna hiyo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono mpole na moyo usiochoka, na nyumba yako ijae viumbe wasiokuogopa. Amina.