Saluni ya Binti Asiyeongea

Sijawahi kumwambia mtu: nilikuwa naamini ukimya wangu unamfukuzia mama wateja.

Mama ana saluni hapa Msamala, nami nasuka pale nikitoka shule. Leo jirani mpya kafungua yake ng'ambo ya barabara. Muziki, soga, na bei ya chini kuliko yetu.

Mama akaninong'oneza, "Changamka basi mwanangu, tutabaki na viti!"

Nikajaribu kutabasamu. Mnanijua. 🙈

Mara Mama Neema, muuza dagaa, akatokea. Jirani akamwahi: "Dada, huku bei chee!"

Nikainamisha kichwa. Nikajua huyo kashaenda.

Hakwenda! Akaja akakaa mbele yangu.

Mama akashindwa kujizuia: "Kule si rahisi zaidi?"

"Kutwa nzima napiga kelele sokoni. Kwa huyu binti nasukwa, nasinzia, hakuna anayeniuliza habari za ndoa yangu." Kisha akacheka: "Ila ukipandisha bei sana, navuka barabara!"

Jamani. Kwenye somo la uchumi nilikariri hili kwa Kiingereza bila kulielewa: wauzaji wengi, yeyote anaweza kuingia, bidhaa zinakaribia kufanana, na kila mmoja anaishi kwa kile kidogo kinachomtofautisha.

Chetu ni mimi nisiyeongea.

Nimemsuka huku machozi yananilenga, wala hakuniuliza. Asante, Mama Neema.

Na nyie, kipi mlikionea aibu kumbe ndicho mnachopendewa?

Nasikia ndala za mama zinakuja mlangoni. Siku zote huwa naficha simu.

Leo acha asome.