Matundu Elfu Mbili

Harufu ya oili chafu ikiungua juu ya chuma cha moto hunifanya nigeuke, popote nilipo. Wenzangu hugeuzwa na udi, au na nyama ya kukaanga. Mimi ni oili. Jirani wa duka langu hapa Garissa hutoboa vyuma vya mageti na vya mikokoteni ya punda, na kila akiimwagia biti ya drili oili kidogo ili isiungue, moshi ule huvuka barabara, hupita juu ya masanduku yangu ya skrubu na bawaba, hunipata puani. Hapo hapo ninakuwa na miaka kumi, mikono yangu ni myeusi hadi viwikoni, na nina furaha. Hiyo furaha ndiyo ninayotaka kuwaeleza. Nimeihesabu mara mbili, na hesabu haitoki sawa.

Kwetu mtoto akizaliwa, siku kitovu chake kinapofungwa, hupewa mnyama awe wake. Mvulana hupewa ngamia. Msichana hupewa mbuzi, au dua. Lakini mimi nilizaliwa wiki ambayo mvua ilirudi baada ya kukataa kwa muda mrefu, na awoowe, yaani babu mzaa baba, alikuwa na furaha isiyo na breki. Akanipa ndama wa ngamia, wa kike, mweupe, tukamwita Adey. Ndugu zake walimwambia anatupa mali, kwa sababu msichana ataolewa, na ngamia ataondoka naye kwa watu wengine. Akawajibu kwamba ameshatoa, mashahidi wapo, na chai imeshanywewa.

Adey aliishi mbali na mji, upande wa kwenda Hulugho, katika kundi lililochungwa na Adeer Yusuf, baba yangu mdogo. Nilimwona mara mbili kwa mwaka, shule zikifungwa. Alikuwa anaijua sauti yangu, au mimi nilisema hivyo na hakuna aliyebisha. Mwaka ninaouzungumzia alikuwa na mimba.

Baba yangu, tuliyemwita Aabo, alikuwa dalali wa mifugo. Kama hamjawahi kuona madalali wetu wakipatana bei, nitawaeleza. Wawili hupeana mikono kama wanaosalimiana, kisha mmoja hutupa shuka juu ya mikono hiyo. Chini ya shuka vidole huzungumza: ukishika kidole hiki ni elfu, ukishika viwili ni elfu mbili, ukikunja ni nusu. Juu ya shuka watu huongea habari za mvua. Aabo alinifundisha lugha hiyo ya vidole nikiwa bado nameza herufi shuleni, na alinifundisha pia sababu ya shuka: "Bei ni ya wawili. Waliosimama pembeni haiwahusu."

Ukame ukaja, wanyama wakapungua sokoni, na udalali ukawa kazi ya kukaa na kunywa chai. Kaka yangu Bishar alikuwa amemaliza kujifunza uchomeleaji na alikuwa nyumbani, akichomelea hewa. Ndipo Aabo akasikia kwamba Mutua, fundi wa kutoka Kitui aliyekuwa amekaa Garissa miaka mingi, anafunga karakana arudi kwao, na anauza drili yake kubwa ya kusimama, ile ya kutobolea chuma.

Asubuhi ya kwenda kuiona, Aabo alinipa pesa nimhesabie. Elfu ishirini na nane. Nikahesabu tena: ishirini na nane. Akaniambia twende mimi na yeye, Bishar abaki. "Bishar ana macho ya fundi," alisema. "Anaona kitu kitakavyokuwa. Nataka mtu wa kuona kilivyo."

Kilivyo, kilikuwa kizee. Kilisimama uani kwa Mutua, kirefu kuliko mimi, rangi ya kijani imebanduka, kutu imekalia shingo. Aabo alikizunguka kama anavyozunguka ngamia. Akapiga mguu. Akapapasa shingo. Akainama akatazama chini ya tumbo, kwa sababu ambayo mpaka leo siijui. Mimi nilikwenda kwenye nguzo, ambapo kuna safu ya meno ya kupandishia na kushushia meza ya mashine. Nikahesabu meno arobaini na moja. Nikarudia. Arobaini na moja, na pengo moja.

"Jino moja hakuna," Aabo akamwambia Mutua, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii kitu iko mzee, Mutua. Hii iko bibi kizee."

"Kwani Mzee Abdi unataka itafune miiba?" Mutua akasema.

Nikashika mdomo wa drili, pale biti inapobanwa, nikautikisa. "Unacheza," nikasema. "Mdomo unacheza."

Mutua akanitazama kwa huzuni. "Mzee, huyu mtoto utamwoza nani? Atamhesabu bwana mbavu."

Nilifurahi kama niliyepewa cheti. Nikataja waya uliochunika, nikataja boliti mbili zilizokosekana, nikataja mkanda uliopasuka. Aabo hakuongeza neno. Aliponyamaza hivyo nilijua nafanya kazi nzuri. Kisha akanyoosha mkono, Mutua akautwaa, na Aabo akatupa shuka lake juu.

Nilikaa kwenye debe lililopinduliwa, nikatazama nguo ikichezacheza kama kuku ndani ya gunia. Mutua alikuwa amejifunza lugha ile vizuri. Waliongea juu ya mvua ya Kitui, na juu ya mvua ya Bute, ambayo wote wawili walikubaliana kwamba haipo. Kisha shuka likatolewa, na wote wakaonekana kama watu ambao hawajafanya kitu.

Njiani Aabo akaniambia, "Umeniokoa leo, aabo." Kwetu mzazi humwita mtoto kwa jina lile lile mtoto analomwitia yeye, kwa hiyo baba akikuita "aabo" anakuwa amekukumbatia bila kutumia mikono. "Lile jino peke yake limetoa elfu nne." Nikatembea nikipiga hesabu. Mfukoni ishirini na nane, kwa hiyo bei ni ishirini na nane au chini yake. Kwa chenji itakayobaki nikajinunulia viatu vya shule akilini.

Mashine ilikuja kwa mkokoteni wa punda, imelala chali, watoto wa mtaa nyuma yake kama wanaosindikiza harusi. Tukaisimamisha, Bishar akaunganisha waya, akabonyeza. Kimya. Fundi wa stima aliyeitwa alifungua kifuniko cha mota, akacheka mpaka akakaa chini. "Hii inakula fezi tatu za stima. Nyinyi hapa mna moja."

Yaani Aabo, ambaye hajapata kununua hata mbuzi bila kuuliza amekulia malisho gani na amezoea maji ya kisima kipi, alinunua mashine bila kuuliza inakula nini. Na mimi mkaguzi, niliyehesabu mpaka boliti, sikuuliza pia.

Ikabidi tuitengeneze upya. Bishar alipata mota kwa mziba pancha ambaye kompresa yake ilikufa ikiwa na moyo mzima. Akabadilisha beringi ili mdomo usicheze. Jino lililokosekana alilijaza kwa kuchomelea, kisha akalichonga kwa tupa siku mbili, likatoka likimeremeta kati ya wenzake kama jino la dhahabu. Mimi kazi yangu ilikuwa kutu. Nilikaa na msasa na kopo la dizeli likizo nzima. Nilisugua shingo, nikasugua nguzo, nikasugua magurudumu ya mkanda. Wasichana wenzangu walipita na hina mikononi, mimi nilikuwa na grisi, na niliwaonea huruma.

Siku ilipozunguka, Bishar alibana biti, mimi nikadondosha oili kwa kopo la mafuta ya kupikia, na moshi ukapanda. Uzi wa chuma ukatoka ukijikunja, mrefu, wenye joto bado. Niliuweka kwenye kiberiti kitupu. Mpaka hapo, ninyi mnaosoma, ndipo furaha yangu ilipofika. Ikomesheni hapo, kwa sababu mimi pia ilinikomea hapo.

Alasiri hiyo Adeer Yusuf alifika kutoka kwenye wanyama. Akanywa chai, akaitazama mashine kwa makini ya mtu asiyeipenda, kisha akanigeukia. "Haya, adeer. Huyu ngamia wako wa chuma anatoa vibaba vingapi vya maziwa kwa siku?"

Nikadhani ni mzaha. "Anatoa oili," nikajibu.

Hakucheka. Akamtazama Aabo. "Hujamwambia?"

Hooyo, mama yangu, akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Aabo aliniambia kama anavyomweleza mteja. Adey amepata bei nzuri, na mimba yake imehesabiwa. Amekwenda kwa watu wa Tarbaj, watu wanaojua ngamia. Pesa yake ikajazia ile ya mfukoni, Mutua akalipwa. "Ngamia wa msichana huondoka na msichana," akasema. "Mashine itabaki nyumbani."

"Na mimi nitaondoka na nini?"

"Bado hujaondoka."

Sikulia. Nilifanya nilichofundishwa: nikataja bei. Nilisema mashine imekula ngamia wangu, basi itoboe mpaka itapike ndama. Kila tundu lihesabiwe, na hesabu ikitimia ninunuliwe ndama wa ngamia. Aabo akasema matundu elfu tano. Nikasema elfu moja. Adeer Yusuf akashika ndevu zake. Tukapanda, tukashuka, tukakutana kwenye elfu mbili. Aabo akanipa mkono, mtupu, bila shuka, mbele ya wote.

Nilihesabu kwa chaki kwenye ukuta wa mabati wa karakana, mistari mitano mitano. Vyuma vya mikokoteni, bawaba, kitanda kimoja, fremu za madirisha. Nikiwa shuleni Bishar aliniachia vipande kando nivihesabu jioni, na sikuandika mstari kabla ya kurudia. Ukuta ulijaa hadi nikapanda ndoo. Tundu la elfu mbili lilikuwa kwenye geti la madrasa, upande wa kufuli. Nikanawa mikono, nikaenda kwa Aabo, ambaye alikuwa amekaa na madalali wenzake.

"Elfu mbili," nikasema.

Akaweka kikombe chini polepole. "Umehesabu mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Basi gawanya kwa mbili."

Wazee walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Ulikuwa mzaha mzuri, na mimi najua mzaha mzuri nikiuona. Nilicheka pia, na kicheko hicho changu ndicho ninachokilipia hadi leo. Nikarudi kwenye ukuta, nikaanza safu mpya. Sikuifikisha mbali. Bishar alipata kazi Nairobi, nauli na godoro vikatoka kwenye mashine, nayo ikauzwa kwa mtu nisiyemjua, na jino lake la dhahabu. Ndama sikumwona. Aabo hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloharibu hesabu. Ada yangu ya sekondari ililipwa yote, sijui kwa mali ya nani. Amekufa sasa, Mungu amrehemu, na tulikuwa tunapendana.

Mwaka jana nilikwenda soko la mifugo kutafuta mbuzi wa Idd, nikiwa na binti yangu wa miaka tisa. Mwanamke haingizi mkono chini ya shuka la mwanamume asiye wake, kwa hiyo mimi hununua kwa mdomo, na nina mdomo wa kutosha. Mbele yetu madalali wawili walikuwa wamefunikana mikono, nguo inachezacheza.

"Hooyo, wanaficha nini?"

"Bei."

"Wanamficha nani?"

"Wale waliosimama pembeni," nikajibu, kwa sauti ya Aabo kabisa.

Binti yangu akawatazama waliosimama pembeni, akawahesabu kwa kidole. Na mimi, miaka yote hii baadaye, nikarudi uani kwa Mutua kuhesabu. Nilikuwa nimehesabu meno, boliti, noti na matundu. Watu sikuwahi kuwahesabu. Mutua, mmoja. Aabo, wawili. Nikahesabu tena, nikitumaini kumpata dalali mwingine, mpita njia, hata jirani juu ya ukuta.

Pembeni, kwenye debe, nilikuwa nimekaa mimi tu.