Maharage Kumi ya Muuza Dagaa

Wananisumbua nisimulie kisa hiki, kana kwamba mihogo yangu itajimenya. Haya.

Kikundi chetu cha akina mama wa hapa Mugango kilimwita mtaalamu kutoka Musoma, shati limenyooka mpaka kola. Akatushauri tukope kwa riba ya kumi na sita kwa mia. "Mama zangu, benki inawapa faida kumi kwa mia, dagaa thelathini. Wastani ishirini. Mnaogopa nini?"

Tukapiga makofi, na mimi nikiwemo.

Muuza dagaa mmoja hakupiga. Akamwaga maharage kumi kwenye kanga, akayatenga: manane huku, mawili kule.

"Baba, pesa yetu sehemu nane inakaaga benki. Dagaa tunaweka mbili tu, maana mvua ikiwakuta mchangani wanakuwa chakula cha kuku. Mkopo tutaugawa hivyo hivyo. Nane mara kumi, themanini. Mbili mara thelathini, sitini. Jumla gawa kwa kumi: kumi na nne. Riba ni kumi na sita. Hizo mbili utatulipia wewe?"

Mtaalamu akafuta jasho. "Umenishinda, mama."

Mimi kusifu watu siwezi, lakini yule muuza dagaa namsifu. Kwetu anayekosea hesabu mbele ya kikundi hununua soda. Tulikuwa thelathini. Mtaalamu alilipa kreti moja na chupa sita, yeye akanywa maji.