Wageni wa Kwenye Migunga

Kwetu Butiama mama hakuwa mtu wa kupanda mtama kwa mvua ya kwanza. Alisubiri ndege. Ni mdogo, mgongo wa kijani kilichofifia, kifua cha manjano hafifu, mstari mwembamba juu ya jicho. Kwa macho tu utamchanganya na ndege wengine kumi wa vichakani, ndiyo maana mama alinifundisha kutumia masikio kwanza: "huiit", sauti laini inayopanda mwishoni, kama mtu anayepiga hodi kwa aibu. Anatoka mbali sana kaskazini. Akifika, anahangaika jani kwa jani kwenye migunga nyuma ya nyumba, akitafuta wadudu. Sisi tulimwita mgeni. Kwa mama, mgeni akishafika, mvua imekaa. Majirani walimcheka, kisha wakapanda siku aliyopanda yeye.

Mwaka juzi nilikuja kutoka Mwisenge, ninakofundisha, nikakuta shamba limeshapandwa. Mbegu yote iliyotunzwa ilikuwa ardhini.

"Wamefika," mama aliniambia kwa furaha. "Nimewaona kwa macho yangu."

Asubuhi akanipeleka kunionyesha. Kichakani kitu kikalia mee, kama mtoto wa mbuzi aliyepotezana na mama yake. Nikaona mkia mfupi ulioinuliwa juu. Huyo ni ndege wetu wa hapa hapa, haendi popote mwaka mzima, na hakuna mtoto aliyelelewa nyumba ile angemwita mgeni. Akalia tena, hatua mbili tu kutoka aliposimama mama. Mama alikuwa anatabasamu.

"Mama, huyu si mgeni. Msikilize."

Akanijibu kwamba chai iko mezani.

Kumbe mama alikuwa hasikii tena, anaishi kwa kututazama midomo, na mimi, mwalimu mzima, nilidhani amekuwa mkaidi tu.

Mvua ikakata. Mtama ukachipua urefu wa kidole, ukakauka. Jirani yetu, mama wa watoto watano, aliingia uani bila kubisha hodi, akasimama nyuma ya mama aliyekuwa anapeta dagaa.

"Huyu mama alikuwaga hakosei! Sasa sisi tutakula nini?"

Mama hakugeuka. Alipomwona hatimaye, alifurahi, akamvutia kigoda. Jirani akakaa, akaanza kulia. Nilimchukia kwa yale maneno, na alikuwa na haki.

Mvua ya kweli ilikuja baadaye, wakati hapakuwa na hata punje ya kupanda. Tulikuwa tumekaa kibarazani, mimi na mama, tukitazama shamba tupu likilowa. Kwenye mgunga ulioinamia paa nikasikia: huiit. Halafu mwingine, na mwingine. Mti mzima ulikuwa unaita.

Mama akawaona wakirukaruka kwenye majani. Akanishika mkono.

"Mwaka huu," akasema, "wamekuja kimya."